Mbwa mliwazaji halipi fadhila

Mbwa aliyeokolewa akilala ubavuni mwa ndama yatima kwenye makao ya wanyama, watu husema anakumbuka mateso yake, sasa analipa fadhila. Inapendeza, lakini sivyo. Kinachofanya kazi ni utulivu wake. Mbwa aliyezoeshwa wanyama wengine utotoni, hasa kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi, hawaoni kuwa mawindo wala tishio. Bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani, huwakuza baadhi ya duma pamoja na mbwa. Duma ni mwoga (ndiyo, mwoga!), kishindo kikisikika humsoma mbwa. Masikio yamelegea, mkia unapunga taratibu? Basi, hujilaza tena. Mateso mara nyingi humwachia mbwa hofu, ndiyo maana huhitaji muda wa kupona kabla ya kukutanishwa na ndama yeyote.