Kemia: namba zilizo mbele ya fomula si gramu

Tuchukue mlinganyo wa amonia, gesi inayotengenezewa urea na mbolea nyingine za naitrojeni: N₂ + 3H₂ → 2NH₃. Umeshasawazishwa, lakini hapo ndipo wengi wanapoanza kupotea.

Dhana: Gramu 1 ya naitrojeni inataka gramu 3 za haidrojeni.

Ukweli: Ingekuwa hivyo, gramu 4 zingeingia na zikatoka 2. Nyingine zimekwenda wapi? Namba zile zinahesabu moli, yaani mafungu yenye idadi sawa ya chembe. Moli 1 ya naitrojeni ni gramu 28, na moli 3 za haidrojeni ni gramu 6 tu. Ile inayoonekana nyingi ndiyo nyepesi. Tuseme unataka gramu 340 za amonia. Moli 1 ya amonia ni gramu 17, basi zigeuze kwanza kuwa moli: 340 ÷ 17 = 20. Kwa uwiano wa mlinganyo, utahitaji moli 10 za naitrojeni, yaani gramu 280, na moli 30 za haidrojeni, yaani gramu 60. Jumlisha: 340. Kujihakiki hivi hakuchukui hata dakika, na sielewi kwa nini watu wanairuka hatua hii.

Dhana: Kwa kuwa imeandikwa 2NH₃, moli ya amonia ni gramu 34.

Ukweli: Ni 17. Ukigawa 340 kwa 34, kisha ukatumia tena uwiano wa 2 kwa 1, ile 2 umeitumia mara mbili. Utaambulia gramu 140 za naitrojeni, nusu ya zinazotakiwa.

Dhana: Moli 4 zimekuwa 2, basi kuna kitu kimepotea.

Ukweli: Hakuna. Atomu ni zilezile, zimepangwa upya tu.

Dhana: Chenye gramu chache ndicho kinachoisha kwanza.

Ukweli: Weka gramu 14 za naitrojeni na 4 za haidrojeni. Nusu moli ya naitrojeni inahitaji gramu 3 tu za haidrojeni, kwa hiyo naitrojeni ndiyo inayoisha, na gramu 1 ya haidrojeni inabaki.

Dhana: Hesabu ikitoa gramu 340, kiwandani zitatoka 340.

Ukweli: Hicho ni kikomo cha juu. Mmenyuko huu unarudi nyuma pia: kwenye nyuzi 450 hivi za Selsiasi na kanieneo ya takriban angahewa 200, ni kama asilimia 15 tu ya gesi inayogeuka amonia kwa mzunguko mmoja. Ndiyo maana tangu kiwanda cha amonia cha Oppau, Ujerumani, kilipoanza kazi mwaka 1913, amonia hutenganishwa na gesi nyingine, na gesi zilizobaki hurudishwa kwenye tanuri.