Bakuli la chumvi halikaushi nyumba

Kila msimu wa mvua, magrupu ya Kisumu hupokezana ujumbe uleule: weka bakuli la chumvi sebuleni, unyevu na kuvu vitaisha nyumba nzima.

Si kweli. Chumvi huanza kunyonya maji hewani unyevu ukipita takriban asilimia 75, na hata hapo hunyonya kidogo. Kinachowachanganya watu ni kuona imelowa. Imelowa kweli, ila hewa ni ileile. Pima bakuli kwa mizani jioni na asubuhi: tofauti ni ya gramu, ilhali nguo zilizoanikwa ndani hutoa maji kwa lita.

Mashine ya kuondoa unyevu hupitisha hewa kwenye mabomba baridi, maji yakadondoka ndooni. Ikiwa inafanya kazi, madirisha yafungwe tu. Bei yake si mchezo. Asiye nayo afungue madirisha anapopika, azibe paa linalovuja.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.