Je, wajua kwa nini makovu makubwa ya chunusi hayatibiki kwa njia moja?

Wengi wenye makovu makubwa ya chunusi hufika kwa daktari wa ngozi wakiwa wamekata tamaa. Wameshapaka mafuta ya kila aina, wamesugua limau na manjano, wengine wamelipia leza mara mbili tatu, na mashimo bado yapo. Wanaishia kuamini kwamba ngozi yao haikubali dawa. Mara nyingi ngozi haina kosa lolote. Shavu moja linaweza kubeba makovu ya aina tatu, kila aina ina kina chake na chanzo chake, na hakuna kifaa hata kimoja kinachozifikia zote. Ndiyo maana madaktari wanaoshughulika na makovu mazito huchanganya tiba, na matokeo hutegemea sana nini kimechanganywa na nini, kipi kimetangulia, na mgonjwa ana ngozi ya namna gani.

Tuanzie kwenye kovu lenyewe. Kipele kidogo cha juujuu kwa kawaida hupita bila kuacha shimo. Chunusi zinazoharibu uso ni zile zinazoota ndani, zinazouma hata mtu akigusa shavu wakati wa kunawa. Huko ndani ukuta wa kitundu cha unywele hupasuka, mafuta na bakteria humwagikia kwenye demisi, yaani tabaka la ngozi lililo chini ya lile tunaloliona, na uvimbe unaofuata humeng'enya kolajeni, nyuzi za protini zinazoipa ngozi unene na uimara. Mwili ukirudishia kolajeni pungufu, shimo linabaki. Ukizidisha, panainuka uvimbe mgumu. Usoni mashimo ndiyo mengi. Kwenye taya, kifua, mabega na mgongo, uvimbe hujitokeza zaidi.

Mwaka 2001 madaktari wa Marekani waliyagawa mashimo hayo katika makundi matatu, na mgawanyo huo unatumika hadi leo. Kuna matundu membamba, yenye upana usiofika milimita 2, ambayo huzama hadi mwisho wa demisi au hata kwenye mafuta yaliyo chini yake. Haya ndiyo mengi kuliko yote. Kuna mashimo mapana kidogo, milimita 1.5 hadi 4, yenye kuta zilizosimama wima na sakafu bapa. Halafu kuna mabonde, mapana zaidi ya milimita 4, yasiyo na ukingo unaoonekana, yanayoufanya uso uwe na mawimbi.

Bonde lina siri yake. Ngozi ya juu ya bonde inaweza kuwa nzima kabisa, ila chini yake kuna nyuzi ngumu za kovu zilizoifunga kwenye tabaka la mafuta na kuivuta chini. Ni kama godoro la pamba lililoshonwa: popote uzi ulipopita, kitambaa kimebonyea. Ukikipiga pasi kitambaa hicho mwaka mzima, kitabaki kimebonyea mpaka siku uzi utakapokatwa. Mtu mwenye mabonde anayelipia leza peke yake yuko katika hali hiyo hasa.

Daktari mzuri huyatambua haya kwa macho na vidole kabla hajagusa mashine. Humweka mgonjwa mahali ambapo mwanga unatoka ubavuni, karibu na dirisha au kwa taa iliyoinamishwa, kwa sababu mwanga wa mbele hufuta vivuli na uso huonekana tambarare. Kisha huivuta ngozi taratibu kwa vidole viwili. Bonde lisilo la kina hupotea ngozi ikivutwa. Lile lililofungwa sana hubaki limebonyea, na tundu jembamba haliendi popote. Kipimo hiki cha nusu dakika ndicho kinachoamua tiba ianzie wapi. Kliniki inayotaja bei ya vifurushi vya leza kabla ya kukushika uso haijakupima bado.

Kwa mabonde, kazi ya kwanza ni kuzikata zile nyuzi. Njia hii ilielezwa mwaka 1995 na madaktari wa Marekani, David na Norman Orentreich. Daktari huchora mipaka ya kila bonde kwa kalamu mgonjwa akiwa ameketi, maana akilala mabonde hupungua na ramani inapotea. Hupiga ganzi, huingiza sindano yenye ncha bapa inayokata kutokea pembeni, kisha huisogeza mbele na nyuma chini ya ngozi. Nyuzi zinapokatika, mkono wa daktari huhisi mkwaruzo, na mara nyingine husikika mlio mdogo wa kukatika. Damu hujikusanya katika nafasi iliyoachwa wazi, na madaktari wengi huiona hiyo kuwa sehemu ya tiba: husaidia kuzuia ngozi isishikane tena upesi na huamsha utengenezaji wa kolajeni mpya. Uso huvimba na kuvilia damu kwa wiki moja au mbili, kwa hiyo mtu mwenye harusi Jumamosi asiifanye Jumatatu.

Ikiachwa peke yake, njia hii huinua bonde lakini haigusi mikwaruzo ya juu, na baadhi ya nyuzi hujishika upya. Hapo ndipo mwenzake anapohitajika, na kwa kawaida huwa ni sindano ndogondogo: roli au kalamu ya umeme inayotoboa maelfu ya vitundu vyenye kina cha milimita 1.5 hadi 2.5. Desmond Fernandes, daktari wa upasuaji wa Cape Town, ni miongoni mwa walioieneza mbinu hii duniani. Kila kitundu ni jeraha dogo, na mwili hulijibu kwa kujenga kolajeni, huku tabaka la juu lenye rangi ya ngozi likibaki karibu lote mahali pake. Roli zinazouzwa mitandaoni kwa matumizi ya nyumbani zina sindano fupi mno, mara nyingi chini ya milimita 0.5. Hazifiki kovu lilipo, na zisiposafishwa vizuri hupanda vijidudu usoni.

Wengine huongeza mwenza wa tatu, plazma ya damu ya mgonjwa mwenyewe. Huchukuliwa damu kiasi mkononi, huzungushwa kwa kasi kwenye mashine hadi chembe nyekundu zitengane, na sehemu yenye chembe sahani nyingi, zile zinazosaidia damu kuganda na jeraha kupona, hupakwa au kudungwa mahali palipotobolewa. Je, inaongeza kitu? Utafiti mmoja wa India uliochapishwa mwaka 2016 uliwachukua watu 50: nusu ya uso ilitobolewa na kupewa plazma, nusu ya pili ilitobolewa na kupewa maji yaliyosafishwa. Upande wa plazma ulipata nafuu ya takriban asilimia 62, upande wa pili asilimia 46. Plazma basi inasaidia, lakini tazama pia hiyo asilimia 46: sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na sindano zenyewe. Fedha ikiwa ndogo, plazma ndiyo ningeiacha kwanza.

Matundu membamba yanataka kitu kingine kabisa. Leza ya kawaida ya makovu haishuki hadi mwisho wake, na sindano hupita pembeni. Mwaka 2002 madaktari wa Korea Kusini walieleza njia ya kutia tone la tindikali kali iitwayo TCA (asidi ya trikloroasetiki), ya asilimia 65 hadi 100, ndani ya tundu lenyewe tu. Kijiti cha mbao huchongwa ncha, huchovywa, kisha hubonyezwa ndani ya tundu moja baada ya jingine. Katika sekunde chache tundu hugeuka jeupe. Kuta zake huungua, na zinapopona hujijenga kutoka chini kwenda juu. Hurudiwa kila baada ya wiki nne hadi sita. Tindikali hiyohiyo ikimwagikia ngozi nzima huacha kovu jipya, na kwenye ngozi nyeusi hata duara dogo kulizunguka tundu linaweza kubaki jeusi au jeupe kwa miezi. Hii si kazi ya saluni, wala ya kuagizia chupa mtandaoni.

Matundu yakishapungua kina, leza hupata nafasi ya kufanya kazi yake. Leza ya kabonidioksidi ya vitone, iliyotokana na wazo lililochapishwa Marekani mwaka 2004, huchoma safu za vishimo vidogo sana na kuacha ngozi nzima katikati yake ili uponaji uwe wa haraka. Inalainisha kingo za yale mashimo yenye kuta wima kuliko kifaa kingine chochote nilichotaja. Mwaka 2009 madaktari wa Korea walichapisha matokeo mazuri ya kuunganisha tindikali ya vitone, ukataji wa nyuzi na leza kwa mgonjwa yuleyule, ingawa kundi lao lilikuwa dogo sana. Huko Misri, utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kuongeza plazma baada ya leza huleta nafuu kubwa zaidi na kufupisha siku za wekundu na uvimbe. Hapo plazma ina hoja yenye nguvu zaidi kuliko kwenye sindano tupu, kwa sababu jeraha la leza ni kubwa zaidi.

Sasa tuseme wazi jambo linalowahusu wasomaji wengi wa makala hii. Tafiti nyingi za makovu zimefanyika kwa ngozi nyeupe na za maji ya kunde. Ngozi nyeusi ina melanini nyingi, yaani kemikali inayoipa ngozi rangi, na ikichomwa joto hujibu kwa kumwaga rangi, hivyo mtu anaweza kupunguziwa mashimo na kubaki na mabaka meusi yanayokaa miezi sita au mwaka. Leza ya kabonidioksidi ndiyo yenye hatari kubwa zaidi kwa hilo. Kwa ngozi nyeusi yenye makovu mazito, mchanganyiko ninaouona kuwa wa busara ni kukata nyuzi pamoja na sindano, tindikali kwa matundu yale tu yanayohitaji, na leza ije mwisho, kwa nguvu ndogo, au isije kabisa. Palipo na uwezo, kuna sindano zinazopitisha mawimbi ya redio: ncha hutoa joto ndani ya demisi huku shina lililofunikwa kwa kizio kisichopitisha umeme likiinusuru ngozi ya juu. Mawimbi hayo hayaifuati melanini kama mwanga wa baadhi ya leza unavyofanya, na hilo linayafanya yawe mshirika mzuri wa ukataji wa nyuzi.

Ushahidi wa haya yote bado haujakomaa. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 24 yenye watu 789 na kukuta mengi ni madogo na yamepimwa kwa vigezo visivyofanana. Anayekuahidi uso kama wa utotoni anauza kitu ambacho sayansi haijakipata. Lengo la kweli ni makovu kupungua kiasi kwamba mtu anayezungumza nawe hayaoni kwanza.

Kabla ya yote hayo, chunusi zenyewe lazima zizimwe, la sivyo unaziba mashimo huku mengine yakichimbwa. Kwa chunusi kali dawa yenye nguvu zaidi ni isotretinoini, ambayo mwanamke hatakiwi kuinywa akiwa mjamzito au akitarajia kushika mimba, kwa kuwa huharibu mtoto tumboni. Anayetumia mkorogo aache na amwambie daktari ukweli. Steroidi zilizomo, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, huleta chunusi zenyewe na kuifanya ngozi iwe nyembamba, na ngozi ya namna hiyo haistahimili sindano wala tindikali.

Makovu yaliyovimba yana njia yao. Keloidi, yaani kovu linalovimba na kutanuka kupita mipaka ya jeraha, ikikatwa tu, mara nyingi hurudi, na huweza kurudi kubwa zaidi. Hudungwa steroidi ndani yake kila baada ya wiki chache, mara nyingi ikigandishwa kwanza kwa naitrojeni ya maji ili ilainike, na kisu kikitumika lazima kifuatwe na sindano hizo au mionzi. Mwenye keloidi sikioni au kifuani aliseme hilo mapema kabisa, maana linabadilisha kila uamuzi wa usoni.

Muda nao uhesabiwe. Vikao vitatu hadi sita, kimoja kwa mwezi, ni kawaida, na kolajeni huendelea kujipanga kwa miezi sita na zaidi baada ya kikao cha mwisho. Kwa hiyo picha za kulinganisha zipigwe mahali pamoja, kwa mwanga uleule wa ubavuni. Katika kipindi chote hicho mafuta ya kukinga jua ni ya kila siku, hata kwa ngozi nyeusi, kwani jua huzidisha madoa kwenye kidonda kinachopona.

Ukienda kliniki, uliza wameshatibu watu wangapi wenye rangi kama yako, na uombe kuona picha zao za miezi sita baadaye. Kisha omba jaribio la sehemu ndogo chini ya taya, usubiri wiki nne hadi sita uone rangi inatulia vipi, ndipo ulipie uso mzima.