Gari ya mzigo ya zamani: oili ya kawaida au sinthetiki?

Kwa Canter, Dyna au Elf ya zamani inayobeba mzigo hapa visiwani, oili ninayoipendekeza ni ya kawaida, 15W-40, yenye daraja la dizeli la API CI-4, imwagwe kwa wakati wake. Sinthetiki, yaani oili iliyoundwa kiwandani kwa kemikali, ni oili bora, hilo halina ubishi. Suala ni kama ubora huo utaifaa injini yako, au utaungua na kuvuja kabla hujaufaidi.

Anza na namba za kwenye dumu. Iliyo kabla ya herufi W inahusu baridi tu. Oili ya 15W hupimwa kama stata itaweza kuzungusha injini kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Ya 5W hupimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Unguja na Pemba, hata usiku wa kusi, baridi ya namna hiyo haipo, kwa hiyo wepesi huo wa sinthetiki wakati wa kuwasha unaulipia bila ya kuutumia. Namba ya pili ndiyo yetu. Hiyo 40 inaeleza uzito wa oili ikiwa kwenye nyuzi 100, na hapo 15W-40 ya kawaida na 5W-40 ya sinthetiki zimo katika kundi moja.

Faida ya pili ya sinthetiki ni ya kweli: haiharibiki haraka kwa moto. Inamfaa mwenye gari yenye turbo, khasa inayopandisha vilima vya Pemba na mzigo wakati wa kaskazi. Shafti ya turbo hupata moto mkali sana, na oili ya kawaida ikikaa pale baada ya injini kuzimwa ghafla huganda ikawa mkaa. Kama turbo ipo na injini haili oili, nunua sinthetiki kwa moyo mweupe. Lakini Canter nyingi za zamani za injini ya 4D32 na 4D33, na Dyna za injini ya 3L, hazina turbo.

Kinachoua oili ya injini hizo ni masizi, dizeli na maji. Masizi hupita kando ya ringi za pistoni zilizolika, yakajaa ndani ya oili mpaka ikawa nzito na kuanza kusaga kamshafti. Nozeli inayovuja huingiza dizeli kwenye sampu, yaani karai la oili chini ya injini. Hapo stiki ya kupimia huonyesha oili imepanda na inanuka dizeli. Maji hutokana na safari fupi: gari inayotoka bandarini Malindi mpaka Darajani, ikazimwa, ikawashwa tena, haipati moto wa kutosha kuukausha unyevu uliomo ndani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoondoka kwa kuweka oili ghali. Dawa yake ni kuimwaga. Kwa kazi za hapa mimi nasema kila kilomita 5,000 au miezi sita, kimoja kitakachotangulia, na filta mpya kila mara. Gari inayongoja mzigo huku inanguruma ihesabiwe saa pia: saa moja ya kusimama hivyo ichukulie kama kilomita 40 hivi.

Rangi nyeusi peke yake isikutishe. Oili ya dizeli nyeusi siku ya pili inafanya kazi yake, inayabeba masizi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiiwashe gari mpaka fundi aangalie gasketi ya silinda hedi.

Sasa hesabu ya injini inayokula oili. Tuseme inaingia lita 8 na inakula lita 1 kila kilomita 1,000. Mpaka kumwaga tena, kwenye 5,000, utakuwa umetumia lita 13. Sinthetiki ikiwa bei yake ni mara mbili na nusu, pesa hizo zingekununulia lita 32 na nusu za oili ya kawaida. Na usitarajie kuifidia kwa kuiendesha mpaka 10,000, kwa sababu masizi yanaingia kwa kasi ile ile.

Watu husema sinthetiki inatoboa sili, ile mipira inayozuia oili isivuje. Sinthetiki za leo hazili mpira. Kinachotokea ni kwamba oili yenye sabuni nzuri huyasafisha matope yaliyokuwa yameziba mwanya wa sili iliyokwisha kukakamaa, na uvujaji uliokuwepo ukaonekana. Kwa gari ya zamani tofauti hiyo haikupunguzii gharama: sili ya nyuma ya krenkshafti haibadilishwi bila ya kushusha giaboksi. Kabla ya kulaumu sili, safisha bomba la kupumulia la injini. Likiziba, hewa inayopita kwenye ringi hukosa pa kutokea na huisukuma oili nje kupitia kila sili.

Ukitaka kujua hali ya injini yako, ipashe moto, iache inanguruma polepole, kisha fungua kifuniko cha kumiminia oili na ukiweke juu chini palepale mdomoni. Kikitetemeka kidogo si neno. Kikirukaruka na moshi ukatoka kwa kishindo, ringi zimelika, na sinthetiki haitazirudisha. Pima na presha ya oili kwa geji, usitegemee taa. Kwa Toyota 3L iliyopata moto, kwenye mizunguko 3,000 inatakiwa isipungue kilo 2.5 kwa sentimita ya mraba. Ikiwa juu kidogo tu ya hapo, 20W-50 ya dizeli itakusaidia. Ikiwa chini, fungua sampu uangalie beringi na pampu.

Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni kutia oili ya petroli kwenye dizeli kwa kuwa dumu limeandikwa sinthetiki. Tafuta herufi C: CH-4, CI-4 au CK-4. Yenye herufi S pekee, kama SN au SP, haikutengenezwa kubeba masizi. FA-4 nayo ni ya dizeli, lakini ni nyepesi mno kwa injini za zamani, iache.

Kuchanganya oili mbili njiani hakugandishi kitu, maadamu zote ni za dizeli. Unapoteza tu faida ya ile ghali.

Ukiamua kuhamia sinthetiki, zamu ya kwanza ya kumwaga iwe ya karibu, kilomita 1,500 mpaka 2,000, maana matope yakibanduka huweza kuziba chujio la pampu ndani ya sampu. Mwaga injini ikiwa ya moto, gari kwenye usawa, uiache ichuruzike dakika 20. Weka wosha mpya kwenye nati ya sampu. Paka oili mpira wa filta, izungushe kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko na usitumie spana. Mimina oili mpya, kisha washa bila ya kukanyaga mafuta mpaka taa ya oili izime, zima, ngoja dakika kumi, ndipo usome stiki. Filta ya zamani ikate kwa msumeno, ufungue karatasi yake juani: punje zinazong'aa ni madini ya beringi, na vipande vyeusi laini ni matope. Ukikuta matope mengi, rudi kwenye ya kawaida kwa zamu mbili za kilomita 2,000 kabla ya kununua tena dumu la sinthetiki. Hilo dumu, likiisha, litoboe, maana madumu mazima hujazwa oili ya bandia na kurudi dukani.