Kabla Hujalipia Seti ya Mtoto Makoroboi: Maswali ya Mama Kijacho

Tumbo likishaonekana, huwezi kupita Makoroboi, mtaa wa maduka jijini Mwanza, salama. "Mama kijacho, karibu, seti ya mwanao hii hapa!" Mfuko wa nailoni wenye zipu unafunguliwa: kigodoro laini, mto wenye shimo katikati, blanketi zito, chandarua cha mwavuli chenye maua. Vinavutia kweli. Maswali haya ndiyo yanayojirudia zaidi kuhusu vitu hivyo.

Nina miezi saba na seti hiyo nimeipenda. Ninunue?

Kama ni kwa ajili ya picha, sawa. Kwa kulala, sehemu kubwa ya vilivyomo haina kazi, na vingine ni hatari. Mtoto mchanga shingo yake haina nguvu. Pua ikizama kwenye kitu laini hawezi kuinua kichwa, wala hana akili ya kusukuma blanketi lililomfunika uso. Mto, blanketi zito, midoli na vile vitambaa vya sponji vinavyofungwa kuzunguka kitanda vyote vinaweza kumziba pumzi bila hata kulia. Mpaka atimize mwaka mmoja hahitaji mto.

Mama mkwe anasema bila mto kichwa kitakuwa bapa, na akilala chali atapaliwa na maziwa.

Mjibu kwa heshima, lakini mlaze chali, usiku na mchana. Akiwa chali, njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, hivyo maziwa yanayorudi yanapaswa kupanda mlima ndipo yaingie kwenye hewa. Akilala kifudifudi mambo yanageuka. Marekani walianza kampeni ya kuwahimiza wazazi walaze watoto chali mwaka 1994, na miaka iliyofuata vifo vya ghafla vya usingizini vilipungua kwa karibu nusu.

Kichwa nacho kina dawa isiyouzwa: leo mgeuzie uso kulia, kesho kushoto. Akiwa macho, na wewe upo unamtazama, mlaze kifudifudi dakika chache ili shingo ipate mazoezi. Bibi anaweza kupewa kazi hiyo, ataifurahia.

Godoro zuri nitalijuaje?

Likandamize kwa kiganja, kisha inua mkono. Alama ya kiganja ikibaki, au mkono ukizama kama kwenye unga wa ngano, liache. Liwe gumu na lisilo na mteremko. Nailoni lililokuja nalo livue, usiliache eti linazuia mkojo. Kwa mkojo tandika makintoshi, kisha shuka moja iliyochomekwa vizuri pande zote.

Kama fundi seremala anakutengenezea kitanda, nenda na kopo la soda. Lisipite kati ya fito mbili. Nafasi isizidi sentimita 6. Na kati ya godoro na ubao visipite vidole viwili.

Chandarua cha mwavuli kinatosha?

Mchana, kwa inzi, kinafaa. Usiku, huku kwetu Kanda ya Ziwa, sikiamini. Vingi havina dawa, na ni vidogo: mtoto akiegemeza mkono kwenye wavu, mbu anamuuma kwa nje. Chandarua chenye dawa mjamzito hupewa bure kliniki kwenye hudhurio la kwanza. Kianike kivulini siku nzima kabla ya kukifunga, na kisikutane na jiki. Kifunike kitanda chote, mama na mwana, na kingo zichomekwe chini ya godoro. Kuanikia dagaa mwaloni sio kazi yake.

Nguo na mashuka ya mtumba kutoka Mlango Mmoja, au ya kaka yake yaliyokaa sandukuni, yana shida?

Mtumba hauna shida. Fua, anika juani, piga pasi pande zote mbili hadi kwenye mishono. Kuna inzi anayetaga kwenye nguo mbichi iliyoanikwa kivulini au chini, na kiluwiluwi wake huingia kwenye ngozi. Joto la pasi linaua mayai yake.

Sanduku ndilo linanitia wasiwasi. Wengi tunahifadhi nguo kwa naftalini, vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Ni wa kurithi, na umeenea zaidi kwenye maeneo ya malaria kama kwetu. Kwa mtoto wa aina hiyo, harufu ya naftalini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, akawa manjano vibaya. Kwa kumtazama tu huwezi kumjua. Kwa hiyo nguo zilizokaa na vidonge hivyo zisimguse mtoto mchanga, hata kama ni zile nzuri za shangazi. Ukiona macho au viganja vya manjano, au mkojo mweusi, usisubiri kliniki ya kesho kutwa. Nenda hospitali saa hiyo.

Tumepanga chumba kimoja Igoma, kitanda ni kimoja. Alale wapi?

Kulala chumba kimoja na mama ndivyo inavyotakiwa, angalau miezi sita. Kilicho bora ni kigodoro chake kando yako, ndani ya chandarua hichohicho. Ikishindikana, akae upande wako na sio katikati yenu, mbali na mito na blanketi la wakubwa. Lakini kama baba amekunywa, kama mmoja wenu anavuta sigara, au mtoto kazaliwa njiti au chini ya kilo 2.5, msichangie kitanda kabisa. Na usisinzie naye kwenye kochi. Huko ni hatari kuliko kitandani.

Usiku wa mvua upepo wa ziwani ni baridi. Nimfunike na nini?

Mvalishe nguo moja zaidi ya unayovaa wewe. Kanga nyepesi, kama lazima, iishie kwapani na ichomekwe. Usimpime kwa mikono, yake huwa baridi siku zote. Ingiza vidole nyuma ya shingo au tumboni: pakiwa na jasho, vua moja.