Je, wajua kwa nini wanakijiji wa Java huweka mchele nje ya nyumba kila usiku?

Jioni, kabla ya kufunga mlango, mama mwenye nyumba katika kijiji cha wakulima kisiwani Java, Indonesia, huchota mchele kidogo, kiasi cha kijiko kimoja cha kulia, akautia kwenye kopo lililotundikwa msumarini karibu na mlango. Kopo lenyewe si la thamani. Aghalabu ni kopo la maziwa, au chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa katikati na kufunikwa ili mvua na kuku wasiufikie mchele. Kisha anakwenda kulala. Asubuhi akitoka na kukuta kopo tupu, moyo wake unatulia.

Mbona atulie ilhali mchele wake umechukuliwa?

Mchele huo huitwa jimpitan. Neno hilo linatokana na kitenzi cha Kijava chenye maana ya kuchukua kitu kwa ncha za vidole, kama mpishi anavyochukua chumvi. Wanaouchukua ni majirani walio katika zamu ya lindo usiku ule. Hupita nyumba kwa nyumba na tochi na mfuko, wanamimina kopo, wanaangalia mlango na banda la mifugo, wanaendelea. Kwa hiyo kopo tupu ni ushahidi: saa nane za usiku, wewe ukiwa usingizini, kuna mtu alisimama hatua mbili kutoka mlangoni pako akahakikisha pako salama. Ukiamka ukaukuta mchele wako bado umo, ujue walinzi walilala au walikatisha njia, na kesho watakuwa na la kujibu. Kopo lisilotiwa mchele nalo lina habari yake. Huenda wenye nyumba wamesafiri, au kuna mgonjwa ndani.

Watu wengi hudhani mchele huo ni ujira wa walinzi. Sivyo. Tuseme kitongoji kina nyumba 40, na kila moja hutoa gramu 25. Hiyo ni kilo moja kwa usiku, kilo 30 kwa mwezi. Hakuna nyumba inayohisi pengo la kijiko kimoja, lakini kilo 30 zikiuzwa zinanunua balbu za njiani, zinatengeneza mtaro, zinaongezea viti vya kukalia msibani, au zinapelekwa kama zilivyo kwa jirani aliyeishiwa. Siku hizi sehemu nyingi zimebadilisha mchele kuwa sarafu ya rupia 500 au 1,000, na viko vitongoji vilivyobandika msimbo wa QR mlangoni ili mlinzi auchanganue kwa simu. Mimi naona kopo la mchele lilikuwa na jambo ambalo simu haina: hata nyumba isiyo na senti iliweza kutoa sawa na nyumba ya tajiri.

Lindo lenyewe huitwa ronda. Neno hilo lilitoka kwa Wareno, waliotuachia sisi wa pwani ya Afrika Mashariki meza na bendera. Waindonesia nao husema meja na bendera, kutoka chanzo hichohicho. Ila desturi ya kulinda usiku ina historia nzito kuliko jina lake. Katika karne ya 19, chini ya Waholanzi, mashamba ya Java ya kati yalisumbuliwa na magenge ya usiku yaliyoitwa kecu, na zamu za lindo zilikuwa sehemu ya kazi za lazima ambazo mwanakijiji alifanya bila malipo. Wajapani walipoikalia Java, mwaka 1944 waliwapanga wakazi katika vikundi vidogo vya nyumba jirani. Vikundi hivyo ndivyo asili ya RT, yaani umoja wa majirani, ambao mpaka leo ndio ngazi ya chini kabisa ya kuwapanga watu Indonesia, na ndipo ratiba ya lindo inapoandikwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Soeharto, rais wa Indonesia wakati huo, iliingiza lindo katika mpango wa kitaifa ulioitwa siskamling. Kila utawala, basi, ulitaka kuutumia mkesha wa wanakijiji kwa faida yake. Wanakijiji kwa upande wao waliendelea kulinda kile walichokuwa nacho.

Na walikuwa na nini? Java ilihesabiwa kuwa na watu milioni 151 katika sensa ya 2020, ndani ya eneo la takriban kilomita za mraba 130,000. Ardhi imegawanywa na kugawanywa tena kati ya watoto na wajukuu. Mkulima mwenye chini ya nusu hekta huitwa petani gurem, na gurem ni utitiri wa kuku, kile kidudu ambacho karibu hakionekani kwa macho. Mtu mwenye shamba la namna hiyo hawezi kuweka akiba kwenye shamba, kwani mpunga ukivunwa unaliwa au unalipa deni la mbolea. Akiba yake husimama kwa miguu minne. Katika vilima vikavu vya Gunungkidul, kusini mashariki mwa Yogyakarta, ng'ombe huuzwa mtoto anapoanza shule, au mzee anapolazwa hospitali. Mara nyingi ng'ombe mwenyewe ni wa watu wawili: mmoja ametoa fedha, mwingine anakata majani na kumlisha, na ndama au faida wanagawana. Mpango huo huitwa gaduh. Banda lake halijengwi mbali. Huwa ubavuni mwa nyumba au nyuma ya jiko, ili mwenye mali amsikie akihema.

Nyumba zenyewe zamani hazikuwa kizuizi kikubwa. Kuta zilikuwa za mwanzi uliosukwa, sakafu ya udongo. Mwizi hakuhangaika na mlango. Alichimba chini ya ukuta akatokea ndani. Wajava wana kitenzi maalumu cha wizi huo, nggangsir, kutokana na gangsir, mdudu wa jamii ya nyenje anayechimba shimo ardhini usiku. Lugha ikiwa na neno la pekee kwa jambo kama hilo, ujue watu waliamka asubuhi nyingi wakakuta shimo.

Sasa tufike kwenye kibanda cha lindo, kwa maana hapo ndipo kilipo kifaa kinachonivutia kuliko vyote. Kibanda ni kidogo, kina sakafu iliyoinuliwa na aghalabu upande mmoja uko wazi. Wanaume wanne au watano wamejifunika saruni mabegani, kuna glasi za kahawa nzito yenye mashapo chini, mihogo ya kukaanga, na karata za domino. Kwenye boriti limening'inia gogo la mfenesi lililochimbwa ndani likabaki na ufa mrefu ubavuni, au badala yake pingili ya mwanzi mnene. Ndiyo kentongan. Ukiligonga kwa mti, uwazi wa ndani huikuza sauti, ikavuka mashamba ya mpunga hadi kitongoji cha pili, na huko nao hugonga lao kupeleka habari mbele.

Sisi husema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Gogo la Java hulitaja na jambo lenyewe. Mapigo hutofautiana kidogo mahali na mahali, ila mpangilio uliozoeleka, ambao mara nyingi huandikwa kwenye kibao ndani ya kibanda, uko hivi: pigo mojamoja ni kifo au mauaji, mawilimawili ni mwizi, matatumatatu ni moto, manne ni mafuriko au maafa mengine ya asili, matano ni wizi wa mifugo.

Hebu rudi kwenye hilo la mwisho. Mwizi ana pigo lake, mwizi wa ng'ombe ana lake. Wajava huita mifugo rajakaya, na mali hiyo haikuchanganywa na baiskeli au kuku. Naona ipo pia sababu ya kazi. Aliyeiba pesa anaweza kukimbilia popote. Ng'ombe hafichwi mfukoni. Lazima apitishwe njiani, aache nyayo, apakiwe kwenye gari. Anayesikia matanomatano hana haja ya kukimbilia nyumba iliyoibiwa. Anakwenda kufunga njia ya kutokea kijijini.

Sitausifu mfumo huu huku nikinyamazia uchungu wake. Mwaka 1998, nchi ikiwa katika msukosuko wa uchumi na Soeharto ameanguka, watu walioshukiwa uchawi waliuawa huko Banyuwangi, mashariki mwa Java, na katika wilaya jirani. Waliokufa walizidi 100. Uvumi ukaenea kwamba wauaji ni watu waliovaa nyeusi, wakaitwa "ninja". Vijiji vikazidisha lindo, vikaweka vizuizi barabarani, na wageni wasio na hatia, wakiwemo wagonjwa wa akili waliokuwa wakitangatanga, wakapigwa na wengine kuuawa. Walinzi walewale, njia zilezile. Hofu ilipotangulia ukweli, jirani mlinzi akageuka hakimu.

Leo vijana wengi wako viwandani pembezoni mwa Jakarta na Surabaya, au wamevuka bahari kwenda Malaysia kutafuta kazi, na zamu zinabaki kwa wazee. Vipo vijiji vinavyotoza faini anayekosa lindo, na vingine vimefunga kamera. Hata hivyo gogo halijaondoka. Kwenye miteremko ya Merapi, volkano iliyoua zaidi ya watu 300 mwaka 2010, wanakijiji hulitumia kupeana tahadhari, kwa kuwa halihitaji umeme wala mtandao.

Kuna pigo moja sijalitaja. Pigo moja, kisimo, kisha mapigo yanayofuatana haraka, kisimo, halafu pigo moja la mwisho. Huitwa doro muluk, njiwa anayepaa. Hupigwa usiku ambao hakuna kilichotokea, walinzi wakiwa wameshamaliza mzunguko na makopo yote ni matupu, ili aliyeshtuka usingizini ajue kwamba anaweza kugeukia upande wa pili akalala.