Kipimo Dhaifu Kinavyoisingizia Chanjo ya Homa ya Matumbo

Tangu chanjo mpya ya homa ya matumbo ianze kutolewa katika nchi mbalimbali, swali linalonifikia mara kwa mara ni hili: mbona mtoto amechanjwa na bado amepimwa akakutwa na taifodi? Kabla ya kujibu huuliza kwanza alipimwa kwa kipimo gani, na mara nyingi huambiwa ni Widal.

Kipimo hicho, kilichoanzishwa mwaka 1896 na daktari Mfaransa Fernand Widal, hakimtafuti bakteria mwenyewe, Salmonella Typhi, bali kingamwili ambazo mwili umezitengeneza dhidi yake. Mtaalamu wa maabara huweka tone la seramu ya mgonjwa kwenye slaidi, akaongeza tone la kitendanishi chenye bakteria waliokufa na kutiwa rangi, akaichezesha slaidi kwa takriban dakika moja, kisha akatazama kama mchanganyiko umebaki laini au umefanya chembechembe kama maziwa yaliyokatika. Shida ni kwamba chembechembe hizo zina sababu nyingi. Kingamwili za maambukizi ya zamani huweza kubaki damuni kwa miezi mingi, jamii nyingine za Salmonella zina antijeni (sehemu za bakteria zinazotambuliwa na kinga ya mwili) zinazofanana, na hata malaria huweza kuleta majibu hayohayo. Kinyume chake, mgonjwa anayepimwa siku za mwanzo za homa huenda akawa bado hana kingamwili za kutosha, akaambiwa hana ugonjwa alio nao. Kitaalamu, sampuli ya kwanza ilipaswa kulinganishwa na nyingine ya siku 10 hadi 14 baadaye ili kuona kama kiwango cha kingamwili kimepanda mara nne, lakini ni tabibu gani atakayemsubirisha mgonjwa wa homa kali muda wote huo?

Katika utafiti tunategemea kuotesha damu, yaani kuiweka sampuli katika chupa yenye virutubisho na kungoja bakteria wazaliane. Njia hii nayo hunasa takriban asilimia 60 tu ya wagonjwa, kwa sababu mara nyingi mililita moja ya damu haina hata bakteria mmoja aliye hai. Ukimtoa mtoto damu kidogo unaweza kuwakosa wote, na kama amekwisha kumeza antibayotiki uwezekano huo huongezeka. Uboho hutoa majibu bora zaidi, kwa kuwa bakteria hujificha ndani ya seli za kinga zilizomo humo, ila kumdunga mtu mfupa kwa ajili ya kila homa si jambo la busara.

Hata hivyo makosa ya njia hizi mbili hayalingani, na hapo ndipo watu wengi hupotea. Kuotesha damu huwaacha wagonjwa wengi, lakini ni nadra kumpa mtu ugonjwa asio nao. Katika jaribio la chanjo, wagonjwa wasionaswa huwa wa kadiri ileile katika makundi yote mawili, la waliopewa chanjo hiyo na la wasioipewa, kwa hiyo asilimia ya kinga haipotoki, ingawa idadi ya wagonjwa waliokingwa huonekana ndogo kuliko ilivyo. Jaribio la Blantyre, Malawi, lililohusisha zaidi ya watoto 28,000 wa miezi 9 hadi miaka 12, lilipima hivyo na kupata kinga ya takriban asilimia 80. Lau lingetumia Widal, homa za malaria na za virusi zingehesabiwa kuwa taifodi katika makundi yote mawili, na kwa kuwa chanjo hii haizuii malaria, ingeonekana haina nguvu.

Chanjo yenyewe imejengwa juu ya Vi, sukari inayomfunika bakteria kama gamba. Chanjo ya awali ya Vi pekee haikuwafaa watoto chini ya miaka 2, kwa sababu kinga yao changa haiitikii ipasavyo sukari tupu. Kuiunganisha na protini ya toksoidi ya pepopunda, yaani sumu ya pepopunda iliyoondolewa makali, kuliziamsha seli T, zinazosaidia kinga kuitikia, ndiyo maana dozi moja sasa hutolewa kuanzia umri wa miezi 6. Pakistan, iliyokuwa ikipambana na Typhi sugu kwa dawa nyingi katika jimbo la Sindh, ilikuwa nchi ya kwanza kuiingiza katika chanjo za kawaida, mwaka 2019. Widal hupima antijeni za O na H, ambazo hazimo katika chanjo hii, kwa hiyo si sindano inayoleta majibu chanya kwa mtoto aliyechanjwa. Salmonella Paratyphi A, bakteria ndugu wa Typhi, hana Vi kabisa na huleta homa isiyotofautika na taifodi kwa kumtazama mgonjwa tu, hivyo baadhi ya wagonjwa waliochanjwa ni wagonjwa kweli, ila wa bakteria mwingine.

Miongoni mwa vipimo vinavyofanyiwa utafiti, ninachokifuatilia zaidi ni cha kingamwili za IgA dhidi ya hemolisini E, protini ambayo Typhi na Paratyphi A wanayo na ambayo haimo katika chanjo. IgA hupungua haraka kuliko IgG, aina nyingine ya kingamwili, kwa hiyo ikipatikana kwa wingi inaashiria maambukizi ya karibuni, na mtoto aliyechanjwa anaweza kupimwa bila chanjo kuyavuruga majibu.